Nchi Isiyo na Wenyewe

Sisi watu wazima tuna desturi ya kuizungumzia michezo ya simu kama tunavyoizungumzia mvua iliyokosa wakati: tunalalamika, tunatikisa vichwa, kisha tunaingia ndani. Twasema inapoteza muda, inaumiza macho, inawafanya watoto wasiitike wanapoitwa. Huenda yote hayo ni kweli, lakini hayatoshi kuitwa uhakiki. Mwenye kutaka kuhakiki utenzi huusoma kwanza, na mwenye kutaka kuhakiki ngoma hwenda uwanjani akaitazama hata ikaisha. Mchezo wa simu nao ni kazi iliyotungwa na watu wenye akili na nia. Una mpangilio wake, una maadili yake, na una mambo unayoyasema bila ya kuyatamka. Unastahili kusomwa kama zinavyosomwa kazi nyingine.

Mchezo ninaotaka kuuzungumzia unaitwa Minecraft. Uliasisiwa na Markus Persson wa Sweden, ukaonekana hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2009, ukatolewa ukiwa kamili Novemba 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ikakubali kuinunua kampuni iliyoutengeneza kwa dola bilioni 2.5. Kufikia mwaka 2023 nakala zake zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Kazi iliyoingia katika mikono mingi kiasi hicho haifai kuachiwa watoto peke yao waitafakari.

Mimi nimekutana nao hapa Mkwaja, wilaya ya Pangani, wakati wa likizo ya shule. Mpwa wangu anayesoma Tanga mjini alikuja nao ndani ya simu yake, na wenzake watatu wa hapa kijijini wakawa nao vilevile. Nimecheza pamoja nao jioni sita tu, nikiwa mtu wa tano na mzigo kwa wenzangu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mwanzo, ya mgeni aliyefika juzi. Lakini mgeni naye ana faida yake: huona mambo ambayo wenyeji wamekwisha kuyazoea.

Kwanza nieleze jinsi unavyochezwa, kwa ajili ya msomaji ambaye hajauona. Dunia nzima ya mchezo huu imejengwa kwa matofali ya pembe nne, kila moja likikadiriwa kuwa na mita moja kila upande. Udongo ni tofali, jiwe ni tofali, gogo la mti ni tofali, na hata maji yamepangwa kwa kipimo hichohicho. Kila tofali laweza kung'olewa mahali pake na kuwekwa pengine. Unaingia humo huna kitu mkononi, hakuna anayekupokea, wala hakuna anayekwambia la kufanya. Unaupiga mti kwa ngumi hata gogo likatoka, gogo unalifanya mbao, kwa mbao unaunda meza ya fundi, na juu ya meza hiyo unaunda sululu, shoka na sepetu. Jua la mchezo halisubiri. Siku moja, mchana na usiku wake, ni dakika 20 za saa yetu, na giza likiingia hutoka mazimwi. Baya kuliko yote ni zimwi moja la kijani, lisilo na mikono, linalokujia nyuma kimya kimya kisha likalipuka pamoja na ukuta wako. Aidha kuna njaa: usipokula unadhoofika. Ukifa, kila ulichokibeba kinamwagika hapo ulipoanguka, nawe unazinduka kitandani mwako mikono mitupu. Usipokiwahi ndani ya dakika chache, kimepotea.

Kuna namna nyingine ya kuucheza, isiyo na njaa wala mazimwi, ambamo mtu hujenga apendavyo. Vijana wetu waliikataa. Waliniambia kwamba nyumba isiyo na usiku haina raha.

Hapa kwetu wachezaji hawahitaji hata intaneti. Mmoja anawasha hotspoti, simu za wenziwe zinashikamana na yake, na wote wanaingia katika dunia moja. Tulikuwa tunakaa kibarazani baada ya swala ya magharibi, kila mtu na simu yake, tukisemezana kwa midomo ilhali miili yetu mingine imo mle ndani ikikata miti. Nataka jambo hili lieleweke, kwani mara nyingi tunaambiwa kwamba michezo hii humtenga mtoto na wenziwe. Niliyoyaona mimi kwa jioni sita ni kelele, ubishi, vicheko na kusaidiana.

Jambo la kwanza ninalolisifu katika utungaji wake ni kitanda. Kitanda huundwa kwa sufi tatu na mbao tatu, na ukilala usiku hupita mara moja. Lakini mkiwa wengi katika dunia moja, kwa kawaida usiku haupiti mpaka wote mmelala. Mmoja akibaki machimboni akitafuta chuma, wenziwe wote wanalala macho wazi wakingoja, huku mazimwi yakigonga milango. Nilimsikia kijana akimwita mwenziwe mara ya tatu, "Njoo ulale, bwana, unatuchelewesha asubuhi!" Sijui kama mtungaji alikusudia somo la ujirani, ila amelitia. Alfajiri haiji kwa mmoja mmoja. Katika dunia yetu hii ya kweli jua humchomozea mwizi na mlinzi sawasawa, na sheria kama hiyo imebaki katika mawaidha tu. Mle ndani imekuwa sehemu ya maumbile.

Jambo la pili lilinifanya nifikirie bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, wala hazizidi wala hazipungui tangu mwanzo hadi mwisho. Wachezaji huanza kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi, nyingine zikiwa zimekwisha kupangwa, na kuanzia hapo lolote utakalolipata umelila kutoka upande wa mwenzio. Aliyekuwa na nyumba iliyojaa leo, kesho imesambaa mashimoni mwa jirani. Bao ni mchezo wa jumla isiyobadilika. Mtungaji wake, ambaye hatumjui, alikuwa anatuambia kwamba mali ya dunia ni hiihii, na kwamba ikiongezeka kwangu tazama imepungua kwa nani.

Mchezo wa Minecraft unasema kinyume chake. Humo kila kitu hutoka ardhini, na ardhi haina mwisho ambao mchezaji ataufikia kwa miguu. Ukimwaga ndoo mbili za maji katika shimo la pembe nne, kwa namna wanayoijua wao, unapata kisima kisichokauka milele. Ukiwalisha ng'ombe wawili ngano, ndama anazaliwa hapohapo, naye huwa mkubwa kwa dakika 20. Hakuna anayelazimika kula cha mwenzie. Ni ndoto nzuri, na wala simlaumu kijana wa kijiji cha pwani chenye visima vya chumvi kwa kuipenda. Hata hivyo ndoto hiyo inategemea jambo moja linalohitaji kutazamwa kwa makini, nalo ni hili: kwamba nchi ile ilikuwa tupu kabla hatujafika.

Jioni ya pili nilimwuliza mpwa wangu, "Hapa tulipojenga, kabla yetu palikuwa pa nani?" Akanijibu bila ya kuinua macho, "Hapakuwa na mtu, mjomba. Ndiyo kwanza tumefika." Wenziwe hawakuona ajabu katika jibu hilo, wala katika mchezo halina ajabu. Dunia ile hutengenezwa na hesabu za kompyuta wakati uleule unapoikanyaga. Mlima ulio mbele yako haukuwapo mpaka ulipoukaribia. Mti wa mwaloni unaoukata hakuupanda babu wa mtu.

Msomaji anayeujua mchezo atanipinga, naye ana haki. Atasema: mbona kuna magofu humo, na merikebu zilizozama, na machimbo yaliyoachwa? Ni kweli, vyote vimo. Lakini tazama vimewekewa nini. Katika merikebu kuna sanduku la hazina, katika gofu kuna sanduku la hazina, katika machimbo pia. Mambo ya kale ya nchi ile ni ghala la mgeni. Sisi tuna Tongoni hapo kusini ya Tanga, msikiti wa zamani uliobomoka na makaburi yenye nguzo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia pale akiwa na sululu. Gofu lina wafu wake, na wafu wana wajukuu.

Tena atasema: mbona kuna wanakijiji? Nao wamo. Mchezo una vijiji vyenye nyumba, mashamba, kengele, na watu wenye pua ndefu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Wanafanya biashara ya zumaridi. Lakini hawana lugha, wananguruma tu kwa puani. Mchezaji anaingia nyumbani mwao, analala katika kitanda chao, anafungua sanduku lao, anavuna ngano na karoti zao, nao wanamtazama tu. Ukimpiga mmoja, hapo ndipo jitu la chuma linalowalinda litakapokujia. Maana yake ni kwamba mtungaji amewapa wanakijiji haki ya miili yao, hakuwapa haki ya mali yao. Ni mpaka wa ajabu, na watoto wanaujifunza kwa haraka sana: usimpige, ila chukua.

Sisi wa Mkwaja hatuwezi kulisoma jambo hili kama wanavyolisoma watu wa Stockholm au Chicago. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya ng'ombe katika eneo hili, ili kupata nyama ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Ilikuwa ranchi kubwa mno, ya zaidi ya hekta 40,000, yenye maelfu ya ng'ombe. Ilifanya yaleyale anayoyafanya mchezaji wa Minecraft: ilifyeka, ilichoma, ilichimba mabwawa, ilijenga majosho, ilileta mifugo ya aina ya Boran na kuizidisha. Lakini nchi ile haikuwa tofali. Ilikuwa na mbung'o, na mbung'o wana nagana, na ng'ombe ilibidi wadungwe sindano za dawa mwaka hata mwaka ili wabaki hai. Ilikuwa na migunga, na kila walipolisha ng'ombe kwa wingi migunga yenye miba ikashika malisho. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa. Ardhi yake ikaunganishwa na pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 yote ikatangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali kuwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Palipokuwa na Boran leo pana tembo, kuro na nyati.

Sisemi hayo kuwahukumu waliofanya kazi ranchini, ambao wengi wao walikuwa ni ndugu zetu. Nasema kwamba mtu aliyekulia hapa anajua mambo mawili ambayo mchezo haujui. La kwanza ni kwamba pori lina akili yake, nalo hujibu. Katika Minecraft hakuna mbung'o. Mazimwi yapo, lakini zimwi huzuiwa kuzuka na mwanga wa mwenge, nalo likiuawa limekwisha. Ugonjwa wa mifugo hauzuiwi na mwenge. Ng'ombe wa mchezo hafi kwa ukame wala kwa kupe. Mti ukikatwa shina chini, matawi yake hubaki yananing'inia hewani kwa muda, kana kwamba nchi haijapata habari. La pili ni kwamba neno pori, pwani hii, halina maana ya mahali pasipo na mtu. Porini kuna njia za watu, kuna mizinga ya nyuki, kuna kuni, kuna dawa, kuna mahame yenye miembe inayoonyesha kwamba palikuwa na mji. Atazamaye ramani akaona nafasi nyeupe ameona wino uliokosekana, hakuona nchi.

Basi nilipokuwa nimekwisha kuikatia shauri kazi hii kuwa ni tamu lakini haina kumbukumbu, jioni ya nne vijana wakanionyesha kasa.

Kasa waliingizwa katika mchezo mwaka 2018. Ukiwalisha nyasi za baharini wawili wao, mmoja hubeba mayai. Lakini hatagi hapo alipo. Hugeuka akaogelea kurudi katika ufuko alikozaliwa, hata uwe mbali namna gani, na ni hapo tu atakapochimba mchanga na kutaga. Ukimhamisha, atarudi. Ukijenga nyumba juu ya ufuko wake, atakuja mpaka ukutani kwako. Mayai hupasuka kidogo kidogo, mara nyingi usiku, na mazimwi huyatafuta ili kuyakanyaga. Hata mchezaji mwenyewe akirukaruka juu yake huyavunja.

Wasomaji wa hapa wataelewa kwa nini nililiweka chini shauri langu. Ufuko wa Madete, kusini yetu kidogo ndani ya hifadhi, ni mahali wanapotaga kasa wa kweli. Kasa jike huchukua miaka ishirini na zaidi baharini kabla ya kupevuka, kisha hurudi kutaga katika pwani za upande alikoangulia. Mchezo umeifupisha miaka hiyo kuwa dakika, lakini jambo lenyewe umelishika barabara. Katika dunia ile nzima, yenye milima, mito na watu wenye pua ndefu, niliyemwona mimi kuwa na kwao ni kasa peke yake. Vijana wale, ambao hawakuwa wamejali kitanda cha mwanakijiji wala ngano yake, waliuzungushia uzio ufuko wa kasa, wakaweka mienge, na wakapeana zamu ya kulinda mayai. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wamekwisha kumwona kiumbe anayerudi, na kiumbe anayerudi ana haki ya kupakuta mahali alipopaacha.

Hapo nikatambua kwamba udhaifu wa mchezo huu si uwezo wa mtungaji. Aliyeweza kumpa kasa kumbukumbu ya ufuko angeweza kumpa mwanakijiji kumbukumbu ya shamba. Angeweza kumfanya asimame mlangoni, amtazame mwizi, akatae kumwuzia kitu kesho yake. Hakufanya hivyo, kwa sababu mgeni angechelewa kufanikiwa, na mchezo umetungwa kumpendeza mgeni.

Pengo lililoachwa na mtungaji, hata hivyo, wachezaji walilijaza kwa upande wao. Sanduku la kawaida la Minecraft halina kufuli. Mlango wa mbao hufunguliwa na mtu yeyote. Hakuna polisi, hakuna baraza, hakuna hakimu. Jioni ya tatu kijana mmoja, aliyejipatia zizi la ng'ombe kumi na wawili kwa kuwalisha ngano kwa subira, alirudi kutoka machimboni akakuta wamebaki wanane. Mwenziwe alikuwa na njaa, akawachinja wanne na ngozi akachukua. Wengine wakamwambia mwenye zizi asikasirike, kwani atawazidisha tena kwa dakika chache, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Lakini yeye akasema maneno ambayo ningependa yaandikwe mahali: "Sidai nyama. Nadai hodi."

Wakaacha kucheza. Wakaweka simu chini wakajadiliana kwa muda ambao mle ndani ungekuwa siku mbili nzima. Mmoja alitaka mkosaji alipe ngozi. Mwingine alitaka amjengee mwenziwe uzio wa mawe. Mwisho wakakubaliana kwamba uzio utajengwa na wote kwa msaragambo, na kwamba kuanzia usiku ule mtu akifika kwenye uzio wa mwenziwe atasema hodi kwa mdomo, hapa kibarazani, na asiingie mpaka amejibiwa karibu. Mwenye zizi akaunda kibao cha mbao, mchezo unaruhusu kuandika juu yake, akakisimamisha langoni: PIGA HODI.

Hodi haimo katika mchezo. Haikutoka Sweden wala Marekani. Vijana waliingia nayo mfukoni, na mchezo, kwa kuwaachia uwanja mtupu usio na sheria, ukawalazimisha waitoe waitazame. Hii ndiyo sifa yake kubwa kwa maoni yangu, na ndiyo sababu siwezi kuungana na wanaouita upuuzi. Michezo mingi humwambia mtoto sheria na kumpa alama akizitii. Huu humwacha na mwenziwe.

Lakini tusiharakishe kushangilia. Hodi ile walipeana wao kwa wao. Hakuna aliyempigia hodi mwanakijiji mwenye pua ndefu, kwani hana ulimi wa kusema karibu. Haki ikawa ni ya yule aliyepewa sauti, na asiyepewa sauti aliendelea kuvunwa ngano yake. Nadhani msomaji ananielewa, wala sina haja ya kuchora mstari kutoka hapo hadi kwenye nchi zilizoitwa tupu kwa sababu waliokuwamo hawakuwa na karatasi.

Lipo jambo moja zaidi la utawala ambalo mhakiki hapaswi kuliacha. Nimesema kwamba dunia imo katika simu ya mwenyeji. Akiizima, wote wanatupwa nje. Akienda msibani, hakuna mchezo. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa mwenyeji, na ulipotokea ubishi mkubwa niliwahi kumsikia akisema, "Dunia yenyewe ni yangu." Alisema kwa mzaha, wenziwe wakacheka, lakini hawakuendelea kubisha. Huo ndio ukweli uliofichwa chini ya nchi isiyo na wenyewe: mwenyewe yupo, amekaa nje ya nchi, ameishika mkononi. Na nyuma yake yupo mwingine mkubwa zaidi, aliyelipa dola bilioni 2.5.

Je, mchezo huu waweza kutumiwa kwa nchi yenye wenyewe? Waweza, na ushahidi haupo mbali. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao makuu Nairobi, lilishirikiana na kampuni iliyoutengeneza mchezo ili wakazi wa miji wautumie kubuni viwanja na bustani za umma. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Namna ya kazi hizo ni kwamba mahali palepale panapozungumziwa huchorwa kwanza ndani ya mchezo, kisha wakazi hukaa pamoja, vijana na wazee, wakasogeza matofali na kubishana juu ya njia, taa na mifereji. Hapo mchezo umegeuzwa kichwa chini. Hauanzi na nchi tupu; unaanza na watu walioko, na swali la kwanza ni nani anapita hapa. Matofali ni yaleyale. Kilichobadilika ni pale panapoanziwa.

Likizo ilipokaribia kwisha palizuka huzuni niliyoitarajia. Mpwa wangu anarudi Tanga kwa basi, na dunia ya wiki tatu inaondoka naye: nyumba za wote, zizi, uzio wa msaragambo, ufuko wa kasa. Wakapata njia. Dunia ile yaweza kunakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine, na usiku wa mwisho kila mmoja akachukua nakala yake. Sasa zipo nne. Katika kila moja kuna nyumba zote, na katika kila moja anaingia mtu mmoja. Kijana wa zizi aliniambia wiki iliyofuata kwamba amejaribu kucheza peke yake, akalala, na usiku ukapita mara moja bila ya kumngoja mtu. Akafunga simu akaenda kuvua.

Hukumu yangu basi, kwa jioni sita nilizonazo, ni hii. Minecraft ni kazi nzuri kuliko zinavyodhani lawama zetu. Inajua njaa, inajua giza, inajua kwamba alfajiri ni ya wote, na inawaachia wachezaji kazi ngumu ya kutunga sheria zao. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: inamfundisha mgeni kwamba amefika kwanza. Kasoro hiyo haiponi kwa kumnyang'anya mtoto simu. Huenda ikapona kwa mtu mzima kuketi kibarazani, kushika simu kwa vidole vyake vizito, kuvumilia kuchekwa, na kuuliza katikati ya mchezo kwamba shamba hili tunalolivuna ni la nani. Hata mchezo usipokuwa na jibu, swali litakuwa limesikika mbele ya watu wanne.